Kurudi Kusiko na Kwao: Historia ya Ukimbizi katika Riwaya ya Petit Pays

Makala haya yanaisoma riwaya ya Petit Pays ya Gaël Faye kama hati ya historia, hasa historia ya tendo moja: kurudi. Faye alizaliwa Bujumbura mwaka 1982, baba yake Mfaransa na mama yake Mnyarwanda. Riwaya ilitoka nchini Ufaransa mwaka 2016, na mwaka huohuo ikapewa Tuzo ya Goncourt ambayo mshindi wake huchaguliwa na wanafunzi wa sekondari. Hoja yangu ni kwamba katika Maziwa Makuu vizazi viwili vya familia moja huweza kurudi kwenye asili mbili tofauti, na kwamba sera zetu za wakimbizi zimekawia kulitambua hilo.

Tuanze na mama. Yvonne ni Mtutsi aliyetolewa Rwanda angali mtoto, katika machafuko yaliyoanza Novemba 1959 na kuendelea hadi miaka ya mwanzo ya 1960. Jamaa zake wanaishi Ngagara, jijini Bujumbura, wakiihifadhi Rwanda kwa masimulizi ya bibi. Vita vilivyoanza Oktoba 1990 vinawavuta wajomba wa Gabriel, msimulizi wetu, kwenda kupigana katika nchi wasiyoifahamu vyema. Mkataba wa Arusha wa tarehe 4 Agosti 1993 uliitambua haki ya wakimbizi hao kurejea. Miezi miwili baadaye, tarehe 21 Oktoba, Rais Melchior Ndadaye akauawa Burundi, na Aprili 1994 mauaji ya kimbari yakaanza Rwanda. Hivyo Yvonne anapofika kwao hatimaye, anafika kutafuta maiti. Anazikuta za watoto wa jamaa yake, ndani ya nyumba yao Kigali. Anarejea Bujumbura akiwa amevurugika akili, na nyumba ya mumewe haimtoshi tena.

Wahenga wa pwani walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hiyo huchukulia kwamba chombo bado kinaelea.

Gabriel naye anapelekwa Ufaransa mwaka 1995 pamoja na dada yake. Kisheria hapo ndipo kwao, kwa kuwa uraia wa baba ndio uliomwokoa. Kwa nasaba ya mama, kwao ni Rwanda. Hata hivyo, baada ya takriban miaka ishirini harudi Rwanda. Anarudi Bujumbura, kwenye kichochoro cha mtaa wa Kinanira alikochezea. Huko, gizani katika kilabu cha pombe, anaisikia sauti ya mama yake. Asili anayoirudia ni mtaa wa utotoni na mtu mmoja aliyebaki. Mababu zake hawakuzikwa pale.

Jambo hili si la riwaya tu. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa makazi Katumba, Mishamo na Ulyankulu, nchini Tanzania. Walipotakiwa kuchagua, miaka thelathini na mitano baadaye, wengi waliomba uraia wa Tanzania, na zaidi ya 160,000 walikubaliwa. Kwa watoto waliozaliwa makazini humo, neno "kurejeshwa" halikuwa na maana, kwani hawakuwa wametoka kokote. Bado fomu zetu huuliza nchi ya asili kwa umoja, zikiacha nafasi ya jibu moja.

Nimalizie na suala la tafsiri, ambalo ndilo lililonileta kwenye riwaya hii. Kwa Kinyarwanda inaitwa Gahugu Gato, na udogo unaobebwa na kiambishi cha kwanza una mapenzi ndani yake. Kiswahili hakina wepesi huo: "kinchi" hudharau, na "nchi ndogo" husikika kama takwimu za eneo la mraba. Ningependekeza "Nchi Yetu Ndogo", ingawa neno "yetu" halimo katika Kifaransa na najua litapingwa. Swali la kwanza nitakaloulizwa na mhariri ni yetu sisi nani, na Yvonne asingeweza kulijibu.