Ukianguka kazini saa nane usiku, nani atakuwahi? Hivi ndivyo huduma ya kwanza inavyopangwa penye wafanyakazi wengi

Sehemu nyingi za kazi zina sanduku la huduma ya kwanza. Limetundikwa ukutani, na mkaguzi akija anaonyeshwa. Swali ni ufunguo anao nani, na kama huyo mwenye ufunguo yupo shifti ya usiku.

Si swali dogo. Moyo ukisimama, ubongo huanza kuharibika baada ya dakika 4 hadi 6 hivi kwa kukosa oksijeni. Kila dakika inayopita bila mtu kukandamizwa kifua, nafasi yake ya kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10. Mashine ikikata mshipa mkubwa wa damu, dakika chache tu zinatosha kummaliza mtu.

Sasa piga picha foleni ya Dar es Salaam au Nairobi. Gari la wagonjwa litakuja, lakini anayekuwahi kwanza ni mfanyakazi mwenzako. Kupanga huduma ya kwanza maana yake ni kuhakikisha mwenzako huyo yupo karibu, kila saa, na anajua la kufanya.

Sheria inasemaje?

Huu ni wajibu wa mwajiri, si hisani. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 1981 unasema waajiri waweke utaratibu wa kukabili dharura na ajali, ikiwemo huduma ya kwanza ya kutosha.

Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Msimamizi wake ni OSHA, ambayo pia hutoa mafunzo ya huduma ya kwanza kwa wafanyakazi.

Kenya, sheria ya mwaka 2007 inataka sanduku liwe mahali panapofikika kirahisi na likabidhiwe mtu wa kuwajibika. Penye wafanyakazi 20 au zaidi lazima pia iwepo kamati ya usalama na afya. Kama kamati ya kwenu haijawahi kugusia huduma ya kwanza, hapo ndipo pa kuanzia.

Anza kwa kutembea, sio kwa kununua

Makampuni mengi huanza dukani: yananunua masanduku kumi, yanagawa, basi. Anza na mzunguko wa jengo zima. Andika hatari ya kila sehemu. Penye mashine ni kukatwa na kubanwa. Jikoni ni kuungua. Stoo ni kuangukiwa na mizigo au kugongwa na foklifti. Penye kemikali ni macho na ngozi. Halafu fungua daftari la ajali uone watu wameumia wapi na saa ngapi.

Ukimaliza, washa saa ya simu yako. Tembea kutoka kona ya mbali kabisa hadi kwenye sanduku, kisha urudi. Marekani, mamlaka ya usalama kazini inataka msaada uwe umefika ndani ya dakika 3 hadi 4 penye hatari ya majeraha makubwa. Kama safari yako imezidi hapo, sanduku liko mbali mno, hata kama ni jipya.

Wanatakiwa watu wangapi?

Kipimo kinachotumika sana ni cha Uingereza. Mamlaka ya huko ya afya na usalama kazini, HSE, inashauri hivi kwa sehemu zenye watu zaidi ya 50:

- Ofisi na sehemu zenye hatari ndogo: angalau mtoa huduma ya kwanza 1 kwa kila wafanyakazi 100
- Viwanda, ujenzi na kazi za hatari: angalau 1 kwa kila wafanyakazi 50

Tufanye hesabu. Chukua kiwanda cha nguo chenye watu 600, shifti tatu za watu 200 kila moja. Gawa 200 kwa 50: unahitaji 4 kila shifti, jumla 12. Lakini mmoja yuko likizo, mwingine anaumwa, wa tatu kahamishwa kitengo. Ili 4 wawepo kweli kila siku, fundisha 6 kwa kila shifti. Jumla 18.

Kosa la kawaida ni kufundisha hao 12 halafu 10 kati yao wawe watu wa ofisini. Kwenye karatasi hesabu imetimia. Ikifika saa kumi na moja jioni, 10 wameenda nyumbani, na usiku mzima watu 200 wamebaki na wawili, kama kweli wote wawili wako shifti hiyo.

Na wachague vizuri. Anayesimamia mashine isiyoweza kuachwa hata dakika moja hafai, maana hataweza kukimbia. Mlinzi wa getini anafaa sana, kwa sababu yupo usiku na sikukuu. Kama wafanyakazi wengi ni wanawake, watoa huduma wanawake wawepo wa kutosha kila shifti.

Mafunzo: mikono ifanye kazi, sio masikio tu

Chama cha Msalaba Mwekundu na St John hutoa mafunzo haya Kenya na Tanzania. Kwa Uingereza, kozi kamili ni siku 3, ya dharura ni siku 1, na cheti hudumu miaka 3. HSE inashauri kujikumbusha kila mwaka, kwa sababu mikono husahau mapema.

Kozi ya slaidi peke yake haitoshi. Kila mtu apige magoti na kumkandamiza mdoli wa mafunzo. Akitoka hapo awe anaweza angalau haya:

- Moyo umesimama: kandamiza katikati ya kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima
- Damu nyingi: bana jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi, usiachie kila mara kuchungulia
- Kuungua: maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta na mayai, hapana
- Kemikali machoni: suuza kwa maji mengi mara moja, usipungue dakika 15
- Umeme: zima umeme kwanza, ndipo umguse aliyenaswa
- Kifafa: kinga kichwa, usimshikilie, usimtie kijiko mdomoni. Degedege likiisha mlaze ubavu

Ndani ya sanduku

Glavu, bandeji za saizi tofauti, shashi safi, plasta, mkasi, maji safi ya kuoshea macho na blanketi. Panadol isikae humo. Ikishajulikana zipo, sanduku linageuka duka la dawa, na siku mtu anakatwa kidole utakuta limebaki boksi tupu. Isitoshe, kuamua nani anywe dawa gani ni kazi ya muuguzi au daktari.

Mtu mmoja mwenye jina alikague kila mwezi: nini kimetumika, nini kimeisha muda. Na lisifungwe kwa kufuli ambalo ufunguo wake unalala nyumbani kwa mtu.

Kutoka sakafuni hadi hospitali

Hapa ndipo mipango mingi hukatikia. Amua mapema:

- Nani anapiga simu, na namba za hospitali na gari la wagonjwa zimebandikwa wapi?
- Nani anakimbia getini kufungua na kuelekeza gari?
- Gari la wagonjwa likichelewa, gari gani la kampuni linatoka, na dereva wa usiku ni nani?

Bandika majina, picha na namba za watoa huduma wa kila shifti ukutani. Kisha jaribuni, na sio saa nne asubuhi mabosi wakiwa wamesimama na kamera. Jaribuni usiku, na mpime dakika.

Baada ya tukio, andika: saa, mahali, nani alihudumia, alifanya nini. Kenya, ajali ya kifo huripotiwa serikalini ndani ya saa 24. Inayojeruhi bila kuua huripotiwa kwa maandishi ndani ya siku 7. Tanzania, majeruhi anaweza kudai fidia kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Kwenye madai kama hayo, daftari lililoandikwa siku ileile ni ushahidi wako.

Kesho ukiingia kazini, uliza haya manne

1. Sanduku la karibu nami liko wapi, na linafunguka sasa hivi?
2. Kwenye shifti hii, nani amefunzwa, na cheti chake kinaisha lini?
3. Mwenzangu akianguka, nampigia nani?
4. Mara ya mwisho kufanya jaribio usiku ilikuwa lini?

Msimamizi akishindwa kujibu hata moja, peleka swali hilo kwenye kamati ya usalama au chama cha wafanyakazi. Afadhali liulizwe leo kwenye kikao kuliko liulizwe usiku, mtu akiwa chini.