Namba ya Jumapili

Mwaka 1971 nilikuwa mwanachuo wa ualimu huku Nyanda za Juu Kusini. Chuo chetu kilikuwa na kipimamvua kimoja: mkebe wenye faneli juu na chupa ndani, uliosimikwa katika uwanja wa majani nyuma ya darasa la jiografia. Kila mwanachuo wa somo hilo alipewa zamu ya juma zima. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Saa tatu kamili asubuhi unatoa chupa, unamimina maji katika bilauri ya kupimia, unasoma milimita, unaandika katika daftari, kisha unarudisha chupa mahali pake. Dakika tano, basi.

Katika zamu yangu moja ya mwezi Machi niliondoka Jumamosi mchana kwenda kumsalimu shangazi, nikarudi Jumapili jioni. Usiku ule ikanyesha mvua kubwa. Jumatatu asubuhi nilikuta milimita 23, na katika daftari nafasi ya Jumapili ilikuwa tupu. Nikaona aibu. Nikaigawa mvua ile: 11 nikaipa Jumapili, 12 nikaipa Jumatatu. Nilijiambia kwamba jumla ni ile ile, kwa hiyo hakuna aliyedhulumiwa.

Mkufunzi wetu alipokagua daftari aliniita. "Kijana," alisema, "tangu Jumamosi mpaka Jumapili mchana nilikuwa naezeka banda langu la kuku. Halikudondoka hata tone. Hizi kumi na moja umezitoa wapi?" Sikuwa na jibu. Hakunigombeza. Alichukua kalamu nyekundu, akazikata namba zote mbili, akaandika kando kwamba siku ile hakuna aliyesoma. "Pengo katika daftari halimdanganyi mtu," alisema. "Namba ya kubuni itamdanganya hata mtu ambaye hajazaliwa."

Wakati ule niliona kwamba mzee anakuza mambo. Sasa nimepita miaka sabini, nimefundisha na kuongoza shule kwa muda mrefu, na nimepata sababu mbili za kuyakumbuka maneno yake. Nataka kuzieleza hapa.

Sababu ya kwanza ilikuwa karibu nasi bila mimi kujua. Miaka michache kabla sijaingia chuoni, katika safu ya milima ya Mbeya, watu walikuwa wakipima mvua na mito kwa uangalifu ambao daftari letu la chuo lisingeweza kuufikia. Kazi hiyo iliongozwa na Shirika la Utafiti wa Kilimo na Misitu la Afrika Mashariki, lililokuwa na makao yake Muguga, karibu na Nairobi. Mtaalamu aliyeianzisha na kuisimamia mwanzoni aliitwa Charles Pereira. Swali lake lilikuwa la kawaida, lile ambalo kila mkulima wa milimani huliuliza: tukikata msitu na kulima, mto utakuwaje?

Jibu lilitafutwa kwa kulinganisha mabonde madogo yaliyo jirani. Huko Mbeya yalichaguliwa mawili, kwenye miinuko ya kiasi cha mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. La kwanza, lenye hekta 16 hivi, lilikuwa msitu wa asili. La pili, hekta 20 hivi, lilikuwa mashamba ya wakulima wadogo kwenye mteremko mkali. Vipimamvua viliwekwa katika kila bonde. Chini, mahali kijito kinapotoka, ulijengwa ukuta mdogo wenye mdomo wa vipimo maalumu, ili kina cha maji yanayopita pale kionyeshe wingi wake. Chombo chenye saa kilichora kupanda na kushuka kwa maji kwenye karatasi, usiku na mchana. Hesabu yake ni kama ya duka. Mvua ndiyo mapato na mto ni matumizi. Kinachobaki ama kimehifadhiwa udongoni ama kimerudi angani kwa njia ya majani na jua.

Vipimo vilianza mwaka 1958 na kuendelea kwa takriban miaka kumi. Matokeo kamili ya Mbeya, pamoja na yale ya Kericho na Kimakia nchini Kenya, yalichapishwa mwaka 1979 katika toleo maalumu la jarida la kilimo na misitu la Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ilikuwa imekwisha vunjika miaka miwili kabla yake. Mimi nililipata toleo hilo miaka ya 1980 katika maktaba moja, nikalisoma nimesimama.

Wakati huo nilikuwa nimewaandikia watoto ubaoni, mwaka baada ya mwaka, sentensi hii: "Ukikata msitu, mto hukauka." Vipimo vya Mbeya vilisema vingine. Kijito cha bonde la mashamba kilitoa maji mengi kuliko kile cha msitu. Hata wakati wa kiangazi, ambacho kwetu huchukua miezi mitano au sita, maji ya bonde la mashamba yalikuwa karibu maradufu. Sababu yake inaeleweka ukitulia. Msitu nao hunywa. Majani yake hushika sehemu ya mvua, nayo hukauka kabla ya kugusa ardhi. Mizizi yake huenda chini sana, huendelea kuvuta maji wakati mahindi yamekwisha vunwa na shamba limelala.

Msomaji asikimbilie shoka. Taarifa ile ile ilieleza kwamba udongo wa mabonde yale ulitokana na majivu ya volkano na ulikuwa na vinyweleo vingi, hivyo mvua ilizama badala ya kuporomoka juu ya ardhi. Udongo wa namna hiyo husamehe makosa mengi. Mahali ambapo ardhi imeshindiliwa na kwato au imekwanguliwa mpaka ngumu, mvua hukimbia juu yake na kuondoka na udongo, na kiangazi kikifika hakuna akiba iliyobaki. Hapo ile sentensi yangu huwa kweli. Kosa langu lilikuwa kuiandika kana kwamba milima yote ni mmoja.

Kericho na Kimakia zilinifundisha jambo jingine, nalo ni thamani ya kupima kwa miaka mingi. Kericho, katika bonde la Sambret lenye hekta zipatazo 700, karibu nusu ya eneo ilifyekwa na kupandwa chai. Kimakia, kwenye milima ya Aberdare, mianzi iliondolewa ikapandwa misonobari, na wakulima wakaruhusiwa kupanda mboga katikati ya miche kwa miaka ya mwanzo. Kote kuwili mto uliongezeka baada ya kufyeka. Mtu aliyepima miaka miwili na kufunga mizigo angeondoka akiwa na habari hiyo tu. Lakini waliobaki waliona chai ikifunika ardhi na misonobari ikikutanisha matawi, na maji ya ziada yakipungua mwaka hadi mwaka, mpaka tofauti na mimea ya asili ikawa ndogo. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho kilijazwa na wasomaji wa vipimo ambao majina yao hayamo katika jarida.

Sababu ya pili inanihusu zaidi, nami huieleza kwa aibu. Kutoka milima ya Uporoto na Kipengere maji hushuka katika tambarare ya Usangu na kuwa mto Ruaha Mkuu. Mto huo hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kisha huenda kwenye bwawa la Mtera na mitambo ya umeme ya huko na ya Kidatu. Mwaka 1993 ulikauka kiangazi ndani ya hifadhi, na miaka iliyofuata ukakauka tena. Umeme ulipokuwa wa mgawo, kila mtu alikuwa na mshitakiwa wake. Wengi walimtaja mfugaji na ng'ombe wake, wengine mkata miti wa milimani.

Nami nilikuwa na mshitakiwa. Mwaka 1996, kwa ajili ya siku ya wazazi, nilitunga ngonjera iliyowalaumu wafugaji kwa kifo cha Ruaha. Watoto waliighani vizuri, na wazazi wakapiga makofi. Katika mstari wa pili alisimama mtoto wa wafugaji, mvulana mwenye sauti nzuri, akamshitaki baba yake mbele ya kijiji kwa maneno niliyomfundisha mimi. Baba alikuwa ameketi nyuma. Hakusema neno.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilitoka taarifa za watafiti waliopitia kumbukumbu za mvua na mito ya Usangu. Kituo cha Msembe, ndani ya hifadhi, kilikuwa kikipima mto tangu mwaka 1963. Kumbukumbu hizo hazikuonyesha kwamba mvua au maji yanayoshuka kutoka milimani yamepungua kiasi cha kuukausha mto. Maji yalifika Usangu. Kilichobadilika ni kwamba wakati wa kiangazi mengi yaliendelea kuchepushwa kwenye mifereji ya umwagiliaji, hata yasipohitajika sana shambani. Hata hivyo, mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa Usangu pamoja na mifugo yao.

Sisemi kwamba ngonjera yangu ndiyo iliyowahamisha. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi hana uwezo huo. Nasema kwamba nilifanya tena kile nilichofanya mwaka 1971. Nilikuta nafasi tupu, nikaona aibu kuiacha tupu, nikaandika namba ya kubuni. Safari hii namba yenyewe ilikuwa mtu.

Nilipostaafu nilinunua kipimamvua, nikakisimika uani kwangu mbali na miti. Mjukuu wangu hunisaidia kusoma, kwa kuwa macho yangu hayaoni vizuri mistari ya bilauri. Mwaka mmoja nililazwa hospitali siku nne, naye alikuwa shuleni. Niliporudi aliniuliza, "Babu, tuandike ngapi?" Nikamwambia tuandike kwamba hatukusoma. Aliona ukurasa umeharibika. Nafasi zile nne bado ziko hivyo, na kando yake nimeweka jumla ya maji tuliyoyakuta siku ya tano: milimita 31.