Mume wa Sirari: Sheria ya Uraia na Ndoa za Mpakani

Mtaani kwetu Mirongo, jijini Mwanza, nina jirani muuza samaki aliyeolewa na Mkenya wa Kisumu. Wana watoto watatu. Kila pasi ya matembezi ya mume inapokaribia kwisha, yeye hupanda basi hadi Sirari, huvuka mpaka, kisha hurejea na muhuri mpya. Biashara yao imeandikwa kwa jina la mke. Wameishi hivyo kwa miaka.

Wapo wanaodhani kwamba hayo ni matokeo ya uzembe wao. Historia inasema vingine. Mwaka 1948 sheria ya uraia ya Uingereza ilimpa mwanamke mgeni aliyeolewa na raia haki ya kusajiliwa, bali mume mgeni haikumjali. Tanganyika huru iliurithi mtazamo huo wa mke kumfuata mume, na Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 ikauendeleza. Kifungu cha 11 kinamruhusu mke wa Mtanzania kuomba uraia kwa sababu ya ndoa, maadamu mumewe yu hai. Mume wa Mtanzania hupanga foleni moja na mgeni yeyote: miezi 12 mfululizo nchini kabla ya kuomba, na jumla ya miaka 7 katika miaka 10 iliyotangulia. Kwa mtu anayelazimika kutoka kila baada ya miezi michache, sharti la kwanza tu linamshinda.

Anayebaguliwa hapa ni Mtanzania mwenyewe. Kaka wa jirani yangu akioa Kisumu, ndoa yake ni hoja mbele ya sheria. Ndoa ya dada yake si hoja.

Waingereza waliuacha mtindo huo kwa sheria yao ya mwaka 1981. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 na ya Kenya ya mwaka 2010 zinamtambua mwenzi wa raia bila kujali jinsia. Nasi tuliridhia mwaka 1985 mkataba wa kimataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao ibara yake ya 9 inadai usawa katika uraia.

Hofu ya ndoa za hila ni halali, lakini dawa yake ipo: Kenya inataka ndoa iwe imedumu miaka 7. Kwetu yatosha kuanza kwa kuandika “mtu” pale palipoandikwa “mwanamke”. Hadi hapo, mume wa jirani yangu ataendelea kupanda basi la Sirari.