Mkesha wa Wodini

Betsey Prig alipomkabidhi zamu Sairey Gamp, ripoti yake haikuchukua dakika mbili. Samaki wa siki ni mtamu, akasema. Nyama baridi asiiguse, ina ladha ya zizi. Vinywaji vyote ni vizuri. Dawa ziko pale juu ya kabati. Kiti cha mikono si laini vya kutosha, kwa hiyo itabidi auchukue mto wa mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe alikuwa kijana anayeweweseka kwa homa kali. Gamp alimtazama, akambana mikono yake ubavuni ili aone atakavyokaa akiwa maiti, kisha akajitengenezea mahali pake pa kulala.

Wanawake hao ni wa kubuniwa. Charles Dickens aliwaumba katika riwaya ya Martin Chuzzlewit, iliyotoka kwa sehemu za kila mwezi mwaka 1843 na 1844. Baadaye aliandika katika dibaji kwamba Gamp alikuwa mfano wa haki wa muuguzi wa kukodiwa aliyewahudumia maskini wa zama hizo. Wasomaji wa London walimtambua mara moja, na mwavuli wake ukawa mashuhuri kiasi kwamba Waingereza wakaanza kuuita mwavuli wowote kwa jina lake. Tangu hapo nesi anayelala zamuni amekuwa na sura katika fikra za watu, na sura hiyo ni ya mtu asiye na huruma.

Hospitali halisi za wakati huo zilikuwa na mambo mengi zaidi ya uzembe. Katika karne ya 18 na nusu ya kwanza ya karne ya 19, hospitali kubwa za London ziliwaajiri wakeshaji, wanawake maskini waliolipwa ili wakae macho wodini usiku. Katika nyumba za kuhifadhia mafukara mambo yalikuwa mabaya zaidi. Huko wagonjwa waliachiwa mafukara wenzao, wengi wao wazee, ambao hawakufunzwa na hawakulipwa. Mchana walisugua sakafu na kubeba maji, usiku wakatakiwa wakeshe.

Florence Nightingale, kabla ya kwenda kwenye Vita vya Krimea, alipita hospitalini akichunguza maisha ya wauguzi, na aliyoyaandika yanastahili kusomwa polepole. Aliona wauguzi wakilala katika vizimba vya mbao vilivyojengwa kwenye vibaraza vya ngazi, nje ya milango ya wodi. Humo hamkuwa na mwanga wala hewa. Mwanamke mwenye kujiheshimu asingeweza kulala mahali pale, na nesi wa usiku aliyekuja kupumzika mchana hakupata usingizi hata kidogo kwa sababu ya makelele. Maelezo haya hayajulikani sana kama kisa cha Gamp, lakini yana uzito kuliko kisa hicho. Yule aliyekutwa amesinzia saa tisa usiku alikuwa ameshanyimwa usingizi saa sita mchana, tena na hospitali ileile iliyokuja kumlaumu.

Kisha ikaja taa. Nightingale alifika Scutari, ng'ambo ya Istanbul, Novemba 1854 akiwa na wanawake 38. Magazeti ya Uingereza yakamchora akipita peke yake kati ya majeruhi usiku wa manane, taa mkononi. Wachoraji wengi walimpa taa ya mtindo wa Kigiriki. Aliyoitumia hasa ilikuwa fanusi ya Kituruki, ya kukunjwa, yenye kitambaa kinachokinga upepo. Kuna jambo jingine ambalo wachoraji hawakulionyesha. Nightingale aliwakataza wanawake wake kuwamo wodini usiku, na zamu ikashikwa na askari wahudumu. Mkesha uliowekwa kwenye picha ulikuwa mzunguko wa msimamizi. Ulimwengu ukauchukua kama kipimo cha kila nesi, kila usiku, kwa saa zote.

Shule yake ilifunguliwa katika Hospitali ya St Thomas', London, mwaka 1860. Mambo aliyoyapigania yalikuwa ya busara: vyumba tulivu vya kulala, chakula cha uhakika, na nesi wa usiku kupata usingizi kamili mchana. Alitetea pia wodi ndefu ya vitanda thelathini hivi, yenye madirisha pande zote mbili. Moja ya hoja zake ilihusu idadi ya watumishi. Wagonjwa wakigawanywa katika vyumba vidogo vinne, kila chumba kinahitaji jicho lake usiku. Wakikaa katika wodi moja, jicho moja linatosha. Majengo mapya ya St Thomas', yaliyofunguliwa na Malkia Victoria mwaka 1871 ng'ambo ya mto kutoka Bungeni, yalijengwa kwa mpango huo.

Hapa ndipo historia yenyewe ilipopinda. Wodi iliyojengwa ili nesi mmoja aone wote iliwapa wasimamizi sababu ya kumweka nesi mmoja tu. Wazo jingine la Nightingale, la usingizi wa mchana, lilikuwa gumu na ghali kutekelezwa. La wodi moja liliokoa mishahara.

Kadiri uuguzi ulivyopata heshima, kukesha kukawa sehemu ya maadili yake. Kila hospitali kubwa ikawa na msimamizi wa usiku anayepita wodi kwa wodi; Edith Cavell, ambaye Wajerumani walimpiga risasi Brussels mwaka 1915, alishika wadhifa huo katika hospitali ya St Pancras mwaka 1901. Kati ya 1890 na 1892 kamati teule ya Baraza la Malodi ilichunguza hospitali za London, ikapokea ushahidi kuhusu saa ndefu za kazi za wauguzi na chakula chao. Lakini hoja ya wito ilikuwa na nguvu. Binti aliyelalamikia uchovu alionekana amekosea njia ya maisha.

Sheria nayo ikawapita wauguzi pembeni. Mwaka 1906 mataifa ya Ulaya yalikubaliana mjini Bern, Uswisi, kuwakataza wanawake kazi za usiku viwandani. Shirika la Kazi Duniani lilipoanzishwa mwaka 1919, likarudia katazo hilo katika mkataba wake wa nne. Mkataba Na. 89 wa mwaka 1948 ukasema wazi kwamba haukuwahusu wanawake wa huduma za afya na ustawi wasiofanya kazi za mikono kwa kawaida. Wodi haifungwi usiku kama kiwanda, hilo linaeleweka. Lakini aliyeachwa nje ya katazo hakupewa kinga nyingine mahali pake. Mkataba wa wauguzi, Na. 149, ulikuja mwaka 1977, ukitaka wapate masharti yaliyo sawa na ya wafanyakazi wengine, au bora zaidi, katika saa za kazi, saa za ziada na zamu.

Afrika Mashariki iliupokea mfumo wa Kiingereza ukiwa umeshakomaa. Nairobi ilikuwa na hospitali ya wenyeji tangu 1901, iliyopewa jina la Mfalme George VI mwaka 1952 na la Kenyatta baada ya uhuru. Dar es Salaam, mahali pa hospitali ya Sewa Haji iliyoanza zama za Wajerumani palichukuliwa na Hospitali ya Princess Margaret mwaka 1956, ambayo leo ni Muhimbili. Metroni, sista, kofia nyeupe, kitabu cha ripoti na ratiba ya zamu vilikuja pamoja. Hata leo wanafunzi wa uuguzi hula kiapo wakiwa na mishumaa au taa mikononi, na Siku ya Wauguzi Duniani huadhimishwa tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Nightingale.

Aliyewahi kumuuguza ndugu hospitalini anajua upande wa pili wa mambo. Ni saa tisa usiku. Dripu imekwisha na damu imeanza kupanda kwenye mpira. Ndugu wa mgonjwa anatembea hadi kwenye meza ya manesi na kumkuta sista amelaza kichwa juu ya kitabu cha ripoti, kanga mabegani. Anamwita kwa sauti ndogo, mara ya pili kwa sauti kubwa zaidi. Pengine sista anaamka na kwenda. Pengine anajibu kwa ukali, na ukali huo utasimuliwa nyumbani kwa miaka. Mjamzito aliyeita bila kuitikiwa ana haki ya kukasirika, na hakuna historia inayoifuta haki hiyo. Mtu anaweza kufa kwa usingizi wa mwingine. Kwa sababu hiyohiyo jambo hili linahitaji dawa iliyo na nguvu kuliko karipio. Karipio limejaribiwa tangu enzi za Gamp.

Nchi moja ililikabili kwa hesabu, nayo ni Japani. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, wauguzi wa hospitali za umma huko walizoea kushika zamu ya usiku peke yao, tena mara nyingi kwa mwezi. Mwaka 1963 chama cha wafanyakazi wa hospitali za taifa kilipeleka madai kwenye Mamlaka ya Taifa ya Utumishi. Mwaka 1965 mamlaka hiyo ikatoa uamuzi: zamu za usiku zikaribie nane kwa mwezi kwa wastani, na utaratibu wa nesi kukesha peke yake uondolewe.

Uamuzi ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Watu wa kuutekeleza hawakuajiriwa. Miaka mitatu ikapita, na mwaka 1968 wauguzi wa hospitali za mkoa wa Niigata wakachoka kungoja. Kupitia chama chao waliandika ratiba yao wenyewe, wauguzi wawili kila usiku na zamu zisizozidi nane kwa mwezi, wakaanza kuifuata. Pale ambapo watu hawakutosha, pengo lilionekana waziwazi, nalo likawa la mwajiri kuliziba. Madai hayo yalienea nchi nzima yakijulikana kama Nippachi, yaani mbili-nane. Mwaka 1992 Japani ikatunga sheria ya kuhakikisha wauguzi wanapatikana, na mwongozo uliofuata ukaingiza hesabu ileile ya wawili na nane.

Thamani ya nesi wa pili haiishii kwenye kugawana kazi. Wakiwa wawili, mmoja anaweza kulala. Hospitali za Japani zilifanya usingizi huo kuwa sehemu ya zamu, wenye saa yake na kitanda chake, na mwenzake akijua kwamba wodi sasa iko mikononi mwake. Si kwamba mambo yamekwisha huko. Hospitali nyingi zina zamu za usiku zinazofika saa 16, na mwaka 2013 Chama cha Wauguzi cha Japani kilitoa mwongozo unaotaka muda wa zamu usizidi saa 13. Lakini swali la huko limebadilika. Watu wanabishana kuhusu urefu wa zamu na muda wa kulala, na mabishano hayo yana majibu.

Sayansi imewaunga mkono wauguzi hao. Joto la mwili hushuka chini kabisa katika saa za kuelekea alfajiri, na hapo nia njema haimsaidii sana mtu. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha katika jarida la Nature kwamba aliyekaa macho saa 24 hupungukiwa uwezo sawa na mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.10 katika damu. Mwaka 2004, uchunguzi wa wauguzi 393 wa Marekani katika zamu 5,317 uligundua kwamba uwezekano wa kukosea ulikuwa mara tatu zaidi kwa zamu za saa 12 na nusu au zaidi. Mwaka 2007 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka kazi ya zamu inayovuruga saa ya mwili katika kundi la mambo ambayo pengine husababisha saratani. Anayekesha naye ana mwili.

Tanzania Bara ina sheria inayogusa jambo hili moja kwa moja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inautaja usiku kuwa ni kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na inataka anayefanya kazi katika muda huo aongezewe angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Inataka pia aliyefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano apumzike dakika 60. Kisha inaweka mwanya: mwajiri anaweza kumtaka afanye kazi wakati wa mapumziko iwapo kazi yenyewe haiwezi kuachwa bila mtu, au hakuna mwingine wa kuifanya. Nesi aliye peke yake wodini anaangukia ndani ya mwanya huo kila usiku.

Kwa hiyo kiongozi anayefika hospitalini usiku bila taarifa aombe kwanza ratiba ya zamu kabla ya kumtafuta aliyelala. Ahesabu vitanda na wauguzi waliopangwa. Atazame nesi aliye mbele yake ameshakesha mara ngapi mwezi huo, na kama zile dakika 60 alizipata, na nani alimshikia wodi alipozichukua. Akimkuta amelala ilhali mwenzake yumo wodini na muda wa kupumzika umepangwa, amwache alale. Akikuta wodi ya vitanda 40 ina nesi mmoja, basi wa kuhojiwa asubuhi wawe ni waliopanga ratiba hiyo na wenye kutoa vibali vya ajira.