Kompyuta mpya inaponyamaza: fundisho la tangu 1946

Huko Kalemie, kompyuta ya mezani iliyounganishwa upya ikikataa kuwaka, wengi hulaumu kipande cha bei kali. Kuagiza kingine ng'ambo ya ziwa hula pesa na majuma. Historia inaonyesha njia nyingine.

Februari 1946, kompyuta ENIAC ilionyeshwa kwa watu huko Philadelphia, Marekani. Ilikuwa na uzito wa tani karibu 30 na taa za elektroni zaidi ya 17,000. Taa moja ikiungua, hesabu inaharibika. Mainjinia waliona kwamba taa nyingi zilikufa wakati wa kuwasha na kuzima, basi wakaacha mashine iwake bila kuzimwa. Wanawake sita walioipangia kazi, akiwemo Betty Jennings, walijifunza kufuata kosa hatua kwa hatua hadi taa yenyewe.

Agosti 1981, IBM ilitoa kompyuta inayojipima: ikiwashwa, inakagua memori na kibodi, kisha inalia mara moja fupi kama yote ni sawa.

Mafundi wangali wanafuata njia hiyo. Wanabakiza kisanduku cha umeme, kadi mama, prosesa na kipande kimoja cha memori, wanasikiliza mlio, kisha wanarudisha vingine kimoja kimoja. Mara nyingi kosa ni dogo: memori haikuingia sawasawa, ao waya wa umeme wa prosesa umesahauliwa. Kosa la namna hiyo halihitaji kununua kitu.