Kutoka Mpira wa Mjerumani Hadi Uhandisi Jeni: Historia ya Muhogo Chini ya Milima ya Usambara

Muhogo hujilinda kwa sumu. Ndani ya seli za majani na mizizi yake imo linamarini, kemikali ambayo ikiachwa mahali pake haidhuru. Kwenye kuta za seli kimo kimeng'enya kiitwacho linamarasi. Panya akitafuna mzizi, au mpishi akiukata kwa kisu, seli hupasuka na viwili hivyo hukutana: linamarasi huivunja linamarini, kisha kinachobaki huvunjika tena na kutoa sianidi. Hatua hiyo ya mwisho huharakishwa na kimeng'enya cha pili, hidroksinitrili liasi, ambacho majani yanacho kwa wingi lakini mizizi inacho kidogo sana. Sehemu kubwa ya juhudi za kisasa za kubadili vimeng'enya na protini za muhogo imejengwa juu ya uhusiano huo.

Wapishi wa Handeni na Korogwe walijua matokeo ya kemia hiyo kabla ya maabara kuipa majina. Muhogo mtamu huchemshwa na kuliwa. Muhogo mchungu humenywa, hupasuliwa, huanikwa juani hadi ukawa makopa, kisha hutwangwa kinuni na kuchekechwa ili upatikane unga wa bada, ugali wa muhogo unaopendwa mkoani Tanga. Kila hatua ina kazi yake. Kupasua na kutwanga huvikutanisha vimeng'enya na linamarini. Jua na muda huiacha sianidi iruke, kwa kuwa huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi tu. Kisamvu nacho hutwangwa kwanza ndipo kikapikwa, na sababu ni hiyo hiyo. Kipimo cha kimataifa cha unga salama wa muhogo ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo. Mpishi hana mizani ya kupima hayo, ila ana ulimi, pua na maelekezo aliyopewa na mama yake.

Asili ya mmea huu ni Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta Afrika, na kufikia mwisho wa karne ya 18 ulikuwa umefika upande wa Bahari ya Hindi, Zanzibar ikiwemo. Uzigua, nchi kavu ilimo Handeni na ambako mvua huja na kuondoka bila ahadi, ilikuwa na sababu ya kuupokea. Njaa ya miaka ya 1830 iliwatawanya Wazigua wengi, na wajukuu wa waliouzwa au kuchukuliwa utumwani bado wako kusini mwa Somalia, ambako lugha yao haijafa. Mwanzoni mwa karne ya 20 njaa iliendelea kurudi Handeni, na serikali ya Waingereza, kama ilivyofanya sehemu nyingi za Tanganyika, ikawalazimisha watu kulima muhogo wa akiba. Mahindi yakikauka, muhogo husubiri ardhini hadi mwaka wa pili. Mkulima hahitaji kuambiwa thamani ya kitu hicho.

Tatizo ni kwamba muhogo nao huugua, na magonjwa yake makubwa mawili yaliandikwa kwa mara ya kwanza katika nchi hii hii. Mwaka 1894 mtaalamu wa mimea Mjerumani, Otto Warburg, alieleza ugonjwa wa Usambara unaokunja na kubatobatisha majani ya muhogo. Ndio batobato ya leo. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo na biolojia Amani, katika Usambara ya Mashariki, ng'ambo ya bonde la Lwengera linaloteremka hadi Korogwe. Mwaka 1906 Albrecht Zimmermann, akiwa Amani, alipendekeza kwamba batobato inaletwa na kirusi. Wakati huo sayansi ya virusi ilikuwa ndiyo kwanza inazaliwa, na hoja hiyo haikuwa ndogo.

Wajerumani hao hao walileta mmea mwingine ambao historia hii haiwezi kuuacha. Mashamba ya mkoa wa Tanga yalipandwa mpira wa Ceara, mti wa Brazili uitwao kisayansi Manihot glaziovii. Ni ndugu wa muhogo: majani yanafanana, maua yanafanana, na yote miwili ina kromosomu 36. Bei ya mpira ilianguka mwaka 1913 baada ya mashamba ya Asia kujaza soko, na wenye mashamba wakageukia mkonge. Miti ya mpira ikaachwa, ikamea yenyewe vichakani na kando ya njia. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja ingeokoa chakula cha watu.

Waingereza walikifufua kituo cha Amani mwishoni mwa miaka ya 1920, na mwaka 1928 akafika Harold Haydon Storey, mtaalamu wa virusi vya mimea. Mwaka 1936 Storey alieleza ugonjwa mwingine wa muhogo aliouona miguuni mwa Usambara, tofauti na batobato. Majani huwa na manjano kando ya vishipa, shina changa hupata michirizi ya kahawia, na ubaya wenyewe hujificha ardhini. Shamba linaweza kuonekana zuri hadi siku ya kuvuna. Mkulima hung'oa shina, hukuta mzizi umenenepa, ganda halina kovu. Akiupasua kwa panga ndipo hukuta mabaka ya kahawia, makavu na magumu kama kizibo, yamepita katikati ya nyama nyeupe. Sehemu iliyooza hukatwa na kutupwa, na mara nyingi kinachobaki hakitoshi kujaza sufuria. Huo ndio ugonjwa wa michirizi ya kahawia.

Storey na mwenzake R. F. W. Nichols walionyesha pia kwamba batobato huenezwa na inzi weupe. Dawa ya kuua virusi ndani ya mmea haikuwepo, na haipo hadi leo. Ilibaki njia moja: kuubadili muhogo wenyewe. Walikusanya aina za muhogo kutoka nchi nyingi, wakaona kwamba hata zilizo bora hazikuwa na kinga ya kutosha. Ndipo wakageukia jamaa za mwituni, na kati ya hizo mpira wa Ceara ukatoa matumaini makubwa kuliko yote.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mikono. Ua la kike la muhogo lilifunikwa kabla halijafunguka ili wadudu wasilifikie, kisha likapakwa chavua ya mpira. Mbegu zilizopatikana zilioteshwa, na miche ikaachwa iambukizwe makusudi. Uzao wa kwanza ulikuwa na kinga nzuri lakini mizizi yake ilikuwa myembamba, migumu kama kuni, kwa kuwa mpira hauna desturi ya kuweka wanga ardhini. Ukazalishwa tena na muhogo, na tena, na mara ya tatu, kila mara wakichagua mche uliobaki na kinga huku mizizi yake ikirudia unene. Zoezi hilo lilichukua miaka mingi. Kituo kikuu kilihamishiwa Muguga, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1940, lakini kazi ya muhogo iliendelea Amani chini ya mtafiti D. L. Jennings hadi ilipofungwa mwaka 1957.

Kazi haikufa ilipofungwa. Mche mmoja wa Amani, wa uzao wa tatu wa kurudishiwa muhogo, ulipewa namba 46106/27. Pwani ya Kenya wakulima wanauita Kaleso. Kusini mwa Tanzania unaitwa Namikonga, na uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kuwa ni mmea mmoja wenye majina mawili. Hadi leo ni miongoni mwa mihogo inayostahimili michirizi ya kahawia vizuri kuliko mingine. Mbegu nyingine za Amani zilipelekwa Nigeria katika miaka ya 1950 na kuzaa aina 58308, ambayo taasisi ya utafiti wa kilimo IITA ya Ibadan iliitumia tangu miaka ya 1970 kuzalisha mihogo iliyosambaa Afrika. Mmoja wa wajukuu zake, TMS 30572, ulirudi mashariki hadi Uganda, ambako uliitwa Migyera na kuwasaidia wakulima wakati batobato kali ilipofagia mashamba yao katika miaka ya 1990. Mwaka 2016 wanasayansi walisoma jenomu za mihogo mingi na kukuta vipande virefu vya jeni za mpira wa Ceara ndani ya mihogo ya Afrika, wakavifuatilia hadi Amani. Watu wengi waliokula muhogo huo hawajapata kulisikia jina hilo.

Kinga ya virusi, hata hivyo, haikugusa sumu, na sumu ilidai haki yake wakati wa shida. Mwaka 1985, wakati wa ukame, wilaya ya Tarime ilipata mlipuko wa konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na usiopona. Mwaka 1988 watu wa Masasi walilewa sumu ya muhogo. Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na wenzake waliifuatilia hadi kwenye chinyanya, unga wa haraka uliotwangwa na kuanikwa kwa muda mfupi kwa sababu njaa haikuruhusu kungoja. Kosa halikuwa la mpishi. Njaa ilikuwa imempunguzia siku zile ambazo vimeng'enya huhitaji ili vimalize kazi.

Hapo ndipo uhandisi jeni ulipoingia. Mwaka 2003 Dimuth Siritunga na Richard Sayre, wakiwa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, walizima kwenye majani jeni za vimeng'enya viwili vinavyoanza kutengeneza linamarini. Linamarini ya majani ilipungua kwa asilimia 60 hadi 94, na ile ya mizizi kwa asilimia 99. Kumbe sumu ya mizizini hutengenezwa zaidi majanini, kisha husafirishwa chini. Lakini mimea hiyo haikuweza kuotesha mizizi bila kupewa amonia, kwa kuwa linamarini ilikuwa pia ghala la naitrojeni ya kujengea protini. Sumu na chakula cha mmea vilikuwa kitu kimoja. Mwaka uliofuata walijaribu upande wa pili: badala ya kuizuia linamarini, waliongeza hidroksinitrili liasi kwenye mizizi, ili sianidi iruke haraka muhogo ukishapasuliwa. Njia hii inauachia mmea ulinzi wake shambani na kumpunguzia mpishi hatari jikoni, na kwa mtazamo wa mtu anayekula bada ndiyo yenye busara zaidi.

Mwaka 2005 ulianza mradi wa BioCassava Plus, uliofadhiliwa na mfuko wa Bill na Melinda Gates, ukilenga kuongeza protini, vitamini A, madini ya chuma na zinki, na kupunguza sianidi. Si kila tangazo lilisimama. Mwaka 2011 ilichapishwa taarifa ya muhogo wenye protini nyingi uliotiwa zeolini, protini iliyounganishwa kutokana na ya mahindi na ya maharage. Mwaka 2012 waandishi waliiondoa baada ya uchunguzi kuonyesha kwamba jeni iliyodaiwa haikuwemo kwenye mimea. Jambo hilo liliumiza, kwa kuwa muhogo ni maskini wa protini na familia zinazoutegemea ndizo zilizohitaji habari hiyo iwe kweli. Mwaka 2019 ilitolewa taarifa iliyo imara zaidi: kwa kutia protini ya kusafirisha madini pamoja na feritini, protini ya kuhifadhi chuma, zote kutoka kwa mmea mdogo wa maabara uitwao Arabidopsis, chuma kwenye mizizi kiliongezeka mara 7 hadi 18.

Michirizi ya kahawia, ambayo kwa miongo mingi ilikaa ukanda wa chini wa pwani, ilianza kuonekana upya Uganda mwaka 2004 na kuenea ukanda wa Maziwa Makuu. Watafiti wa Uganda, Kenya na Kituo cha sayansi ya mimea cha Danforth cha Marekani walitia ndani ya muhogo kipande cha jeni ya protini ya gamba la virusi, kimepangwa ili mmea utambue na kukatakata ujumbe wa kirusi kabla hakijaongezeka. Hapa hakitengenezwi kimeng'enya kipya. Kinachozuiwa ni virusi kujitengenezea protini. Juni 2021 mamlaka ya usalama wa kibayoteknolojia ya Kenya iliidhinisha muhogo huo, uitwao 4046, kwa majaribio ya kitaifa kabla ya kufika kwa wakulima, na mwaka 2022 serikali iliondoa marufuku ya miaka kumi dhidi ya mazao ya uhandisi jeni. Kesi mahakamani zikafuata.

Tanzania ilichukua njia nyingine. Kanuni za usalama za mwaka 2009 zilimtwika mwenye zao la uhandisi jeni dhima ya madhara yote, hata bila kosa kuthibitishwa; watafiti walilalamika, na mwaka 2015 zikalegezwa. Mwaka 2016 mahindi ya kustahimili ukame yalipandwa kwa majaribio Makutupora, Dodoma, ndani ya uzio. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo iliamuru majaribio yote ya aina hiyo yasimame. Wanaopinga wanahofia mbegu kuwa mikononi mwa makampuni na mkulima kupoteza haki ya kujiwekea mbegu. Hofu hiyo ina uzito wa pekee kwa muhogo, ambao hauoteshwi kwa mbegu ya dukani bali kwa pingili, na pingili hutoka kwa jirani.

Pingili hizo ndizo zinazobeba kirusi pia. Kwa hiyo kinga iliyo mikononi mwa mkulima wa Handeni na Korogwe kwa sasa ni ya kawaida: kuchagua aina zinazostahimili, kama vile Kiroba, kupanda pingili kutoka shina lisilo na michirizi, na kung'oa mapema lililougua. Muhogo wa uhandisi jeni haujaruhusiwa kulimwa hapa. Siku suala hilo likifunguliwa tena, wakulima wa miguuni mwa Usambara, ambao nchi yao ndiko magonjwa haya mawili yalikoandikwa kwanza na ndiko kinga yake ya kwanza ilikozalishwa, waitwe wasikilizwe kabla ya uamuzi, si baada yake.