Barua za Salme ambazo hazikutumwa

Wandugu, kila mmoja wetu hapa Buja ana ujumbe kwenye simu aliomwandikia mtu wa nyumbani halafu hakuutuma. Unaandika, unafuta. Utamwambia nini? Leo nawaletea mama mmoja aliyefanya hivyo kwenye karatasi.

Sayyida Salme alizaliwa Zanzibar mwaka 1844, mtoto wa Sultani Said. Wasichana wa kwao walifundishwa kusoma Kurani, kuandika hapana. Yeye akajifunza kwa siri, akinakili herufi kwenye mfupa wa bega la ngamia. Kalamu hiyo ikamtia matatani mapema. Mwaka 1859, yuko na miaka kama 15 tu, akawa karani wa kaka yake Barghash aliyetaka kumpindua kaka yao Majid. Wakashindwa.

1866 akakimbia na meli ya Waingereza juu alikuwa na mimba ya Mjerumani, Heinrich Ruete. Mwaka uliofuata, kule Aden, akabatizwa jina Emily, akaolewa siku ile ile, wakaenda Hamburg. 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu. Fikiria: miaka 25, watoto watatu, hela kidogo, baridi, na dini ya kwao ameshaiacha. Akawa mwalimu, anafundisha Kiarabu. Lugha ya kwa baba yake, ambayo huko Ujerumani hakuwa na wa kuongea naye, ndiyo ikasaidia kulisha watoto.

Tusimfanye malaika lakini. Kwenye kitabu chake cha 1886 aliutetea utumwa. Utajiri wa kwao ulitoka pia kwenye misafara ya pembe na watu iliyofika mpaka Ujiji, kusini kwetu kwenye ziwa hili hili. Hata Kiswahili cha Buyenzi kimefuata njia zile. Mimi namsoma nikiwa na hilo kichwani.

1885 alirudi Zanzibar na meli ya Wajerumani. Barghash sasa ndiye sultani, yule yule aliyemwandikia barua za njama akiwa msichana. Akakataa kumwona. Salme akaondoka, akarudi tena 1888, bure tu.

Kumbe kile kitabu hakikumaliza yote. Alipokufa, mwaka 1924, kwenye vitu vyake zikakutwa kurasa nyingi alizoziita barua za nyumbani. Anamwandikia rafiki wa kike Zanzibar, bila kumtaja jina, anamweleza maisha ya Ulaya na upweke wake. Sasa sikilizeni: ameziandika kwa Kijerumani! Rafiki gani wa Zanzibar wakati ule angesoma Kijerumani?

Nimekaa na swali hilo wiki nzima. Wewe ule ujumbe wako ambao hujautuma, umeuandika kwa lugha gani?